Lita Tatu

Bomba letu Mabatini hutoa maji Jumanne na Ijumaa,
usiku wa manane, likikohoa kwanza, likitema kutu.
Mimi huwa macho. Mifupa imekwisha kuniamsha.

Najaza madumu, sufuria, beseni la kufulia,
na mwisho chupa tatu zilizokuwa za juisi ya embe,
kila moja na mpira wake shingoni:
mwekundu wa asubuhi, wa bluu wa mchana,
mweusi wa kumalizia siku.
Daktari wa Bugando aliandika mengi kwa mwandiko wa kuku,
nikasoma neno moja tu, alilolipigia mstari: maji.
Na ziwa lote limelala dirishani kwangu.
Nalitazama nikiwa na kiu.
Siku nyingine nacheka.

Kwenye kadi wameandika selimundu.
Babu alivuna mpunga wa Magu kwa mundu mmoja.
Mimi ninayo mamilioni damuni,
sivuni kitu.

Kidonge cha njano, kidogo kuliko jicho la furu.
Soksi jozi mbili. Kofia ya sufu.
Ng'wasi wa dukani huniuliza
theluji itaanguka lini hapa Mwanza.
Namwambia: wiki ijayo, weka akiba ya mkaa.

Zamani sikuvaa. Zamani nilikuwa mwongo hodari.
Nikishikwa na maumivu, nimeteguka mpirani.
Macho yakigeuka manjano, ni vumbi la kiwandani.
Nilipanda ngazi za mawe mbio, kifua kinawaka,
ili Bugumba na wenzake wasinipite.
Mwaka ule nililazwa mara nne.
Mara zote nne nilikuwa, eti, Geita.

Sasa napanda ngazi thelathini, nakaa.
Lipo jiwe lenye mgongo wa kobe,
jioni bado lina jua ndani yake;
naliegemeza nyonga, linanikanda bila malipo.
Watu wananipita na ndoo, na magunia.
"Pole, Lugembe."
"Nimeshapoa."
Sikujua kwamba mjusi mwenye kichwa cha waridi
hupiga pushapu, mara tano, mara sita,
kabla hajaamua kukimbia.
Miaka ishirini nilipita hapa.

Kazi nyingine ni kutandika kitanda.
Inachukua muda, bega la kushoto halipendani na shuka.
Foronya zangu ni nyeupe, za bafta.
Mama aliinunua bafta hiyo nikiwa na miaka sita,
baada ya nesi mmoja kumwambia
asijisumbue kuwaza sare za darasa la saba.
Akaifungia sandukuni pamoja na dawa ya nondo.
Kila Krismasi, akitoa vyombo vya wageni,
niliona ncha yake, nikadhani ni pazia
la nyumba tutakayojenga.

Nilipofikisha thelathini hakusema neno.
Aliazima mkasi kwa Mama Kwandu,
akaketi kizingitini, akakata,
akishona kwa mkono mpaka giza likamzuia.
Zikatoka foronya nne
na kitambaa cha kuchujia maji.
Kuna kipande kilibaki. Amekirudisha sandukuni.
Nilimwona.
Nami sikusema neno.

Ndiyo maana nazifua mwenyewe, kwa maji ya vuguvugu,
na nikizianika juu ya jabali
naweka kokoto kila pembe, upepo usizichukue.

Leo Alhamisi. Dumu moja limekauka, la pili lina nusu.
Mvua inakuja kutoka upande wa Ukerewe,
nimeshaingiza soksi, nimeshaziba ufa wa dirisha kwa tambara.
Goti limeanza maneno yake.
Simjibu vibaya siku hizi; namwambia ngoja kidogo,
kama unavyomwambia mtoto aliyeamka usiku.

Mpira mweusi. Nakunywa.
Vimebaki vidole vinne vya maji.
Sina haraka navyo.